Mwalimu Hellena na Jina Lililobaki Chumbani

Kwanza tuyasafishe maneno ya sokoni. Mwalimu Hellena hakufukuzwa nyumbani kwa Mama Calvin. Alitoka kwa miguu yake mwenyewe, amemshika mkono Salome, mkamwana wa nyumba ile, na mlango ulifunguliwa na Mama Calvin huyohuyo anayesemwa kuwa alimfukuza. Salome hakujifungulia njiani ndani ya gari. Mtoto alizaliwa hospitali, mikononi mwa daktari. Hakuna mtu aliyenyweshwa mizizi. Mzizi pekee anaoujua Mwalimu Hellena ni tangawizi, nao anautia kwenye chai.

Na wale wanaosema kwamba jina lililotajwa siku ile lilikuwa la marehemu mume wake, Zenon, warudi darasani wakajifunze kutoa na kujumlisha. Zenon alizikwa Salome akiwa bado binti wa shule ya msingi, anacheza rede barabarani. Marehemu hatongozi. Wengine, walipoona hesabu imegoma, wakashuka kwa mwanawe, Adriano. Hapo ndipo habari inapobidi isimuliwe ilivyokuwa, kwa maana uongo ukiachwa ulale kwenye nyumba za watu, huamka asubuhi ukiwa na jina la ukoo wako.

Anayeishi Katandala anaijua nyumba ya Mwalimu Hellena, ile yenye ua wa michongoma uliokatwa ukanyooka kama umepigiwa rula. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na hadi leo hawezi kupita mbele ya tangazo lililobandikwa ukutani bila kulisoma akitafuta kosa. Zenon alikuwa mkuu wa shule. Alipofariki, mdogo wake, shemeji Felisian, alikuja na wazee wenzake wakashauri mjane arudi kijijini, nyumba ya mjini isimamiwe na ukoo. Mwalimu Hellena aliwaandalia chai na maandazi, akawasikiliza mpaka wakaishiwa maneno, kisha akawaambia kwamba nyumba ina mwenyewe, na mwenyewe ndiye aliyewamiminia chai. Wakacheka kidogo, wakaondoka. Tangu hapo Felisian akija kwake huongea kama mtu aliyewahi kuungua ulimi: hupuliza kwanza.

Kazi anayosemwa nayo sasa hakuitafuta. Mmoja wa wanafunzi wake wa zamani alikuwa nesi wa wodi ya wazazi, na hospitali ilikuwa imeanza kuruhusu kila mama aingie leba na mwanamke mmoja amtakaye. Wengi hawakuwa na wa kuingia naye. Walikuwapo waliopanda kutoka bondeni, Mtowisa na kwingine, kwa barabara zinazomtikisa mjamzito mpaka meno, wakafika mjini hawamjui mtu. Walikuwapo wake wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, ambao mama zao wako mbali huko, ng'ambo ya Tabora. Siku moja nesi alimwomba Mwalimu aingie, akae tu na msichana wa namna hiyo aliyekuwa akilia peke yake kwa Kisukuma. Mwalimu Hellena hajui Kisukuma. Alimshika mkono, akamsugua kiuno, akapuliza taratibu kama anayepoza uji wa ulezi, na msichana naye akaanza kupuliza. Wakapuliza hivyo wote wawili mpaka mtoto akatoka. Baada ya hapo akaitwa tena, na tena, na mji ukampa jina: msindikizaji.

Msindikizaji si mkunga. Mkunga anaangalia njia na mtoto; msindikizaji anamwangalia mama. Humtembeza, humnywesha, humgeuza, humfuta jasho, humwambia kwamba kulia si aibu. Huwatokea ndugu waliokaa nje akawaeleza kinachoendelea bila kukitia sukari. Lakini iko sehemu nyingine ya kazi, ambayo watu hawaioni. Mwanamke aliye kwenye uchungu husema. Humtukana mumewe, humlaani mama mkwe, humdai Mungu maelezo, hufukua alichokizika tangu usichana. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote Mwalimu Hellena humweleza kila mmoja sheria yake, kwamba neno la leba halivuki mlango wa leba. Yuko mke wa bwana mmoja anayesoma masomo kanisani kila Jumapili. Siku yake ilipofika, kama mwenyewe alivyokuja kusimulia baadaye, alimwita mumewe majina ambayo hata wapiga debe wa stendi wangeona haya kuyarudia. Jumapili iliyofuata Mwalimu alipeana salamu ya amani na bwana yule, wakashikana mikono, na jicho la Mwalimu halikupepesa.

Salome, Mwalimu Hellena alimjua tangu darasani. Alikuwa mtoto mfupi, mkimya, mwenye mwandiko mzuri. Akaolewa na Calvin, na Calvin alipokwenda Chunya kuchimba dhahabu akamwacha mkewe kwa mama yake, katika kijiji kimoja pembeni mwa barabara ya Laela. Mimba ilipokuwa kubwa, Mwalimu alikutana naye kliniki. Nesi alikuwa amemwambia Salome kwamba kwa kimo chake na mimba yake ya kwanza asijaribu kuzalia nyumbani. Wakakubaliana kwamba siku zikikaribia angekuja mjini, alale Katandala, waende hospitali pamoja. Siku zikakaribia, Salome hakutokea. Simu yake ikawa haipatikani. Mwalimu Hellena alisubiri kadiri moyo ulivyoweza, kisha asubuhi moja ya kipupwe, upepo wa Ufipa ukipuliza ule wa kumfanya mtu avae sweta juu ya sweta, akamfuata Fabiani, kijana wa jirani mwenye kirikuu cha kubebea mahindi, akamwambia leo hatabeba mahindi.

Walipofika waliwakuta wanawake wa nyumba ile wamekaa mlangoni, mablanketi mabegani, kama watu walio msibani kabla ya msiba. Mama Calvin alisimama kumpokea. Tusimseme vibaya huyu mama. Ni mtu wa kanisa, mkulima hodari, mahindi yake ndiyo ya kwanza kuiva kijijini, na hana tabia ya kumtesa mkamwana. Walisalimiana vizuri. Kisha Mama Calvin akasema mgeni amekuja wakati mbaya.

"Nimekuja wakati wake," Mwalimu Hellena akasema. "Yuko wapi?"

"Yumo ndani tangu juzi. Hatoki mpaka ataje."

"Ataje nini? Sakramenti saba?"

Mwanamke mmoja alicheka, akajifunika mdomo kwa kanga. Mama Calvin hakucheka.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingine kadhaa zinazoshika mambo ya zamani, husemwa kwamba uchungu ukimkawiza mwanamke, mtoto amefungwa na mwanaume asiye mume wa mama yake. Mama akimtaja mtu huyo, fundo hulegea na mtoto hupita. Mwanamke aliyetaja husamehewa, huoshwa, hafukuzwi wala hasimangwi, na kesi huhamia kwa mwanaume. Asipotaja hahamishwi popote, kwa kuwa akitikiswa njiani na fundo lake tumboni hafiki. Hayo ndiyo waliyoyashika. Wengi wetu tumeyasikia tangu utotoni, na waliosoma miongoni mwetu hujifanya hawajawahi kuyasikia.

Mwalimu Hellena alisema kwamba kuungama ni kwa padri, na kwamba hata padri hamkabi mtu koo. Mama Calvin akajibu kwa sauti ya chini, sauti ya mtu asiyetafuta ugomvi.

"Usinifundishe dini, Mama Adriano. Binti yangu alifia katika chumba hichohicho. Nilimpigia magoti ataje, akanyamaza. Akafa nalo jina hilo. Huyu simwachi afe nalo."

Mwalimu Hellena alikuwa amemzika binti yule pamoja nao. Alikumbuka jeneza, na kijeneza cha mtoto pembeni yake. Angeweza kusema pale kwamba labda yule binti alinyamaza kwa kuwa hakuwa na wa kumtaja, na kwamba kilichomuua ni kukaa ndani. Ingekuwa kweli. Lakini kumwambia mama jambo hilo mlangoni pake ni kumwambia kwamba alimuua mwanawe kwa magoti yake, na mama aliyeambiwa hivyo hafungui mlango. Anaufunga kwa komeo. Angeweza kubishana mpaka jioni, akashinda ubishi, akampoteza Salome. Akabadili njia.

"Sawa," akasema. "Lakini wewe, Mama Calvin, ungetaja mbele ya mama mkwe wako na mawifi wamekuzunguka?"

Mama Calvin aliinamisha macho.

"Nipisheni chumba. Mimi si wa ukoo huu, ataona wepesi."

Walishauriana kwa Kifipa, kwa kunong'ona, kana kwamba mgeni wao alizaliwa Dar es Salaam. Mmoja alisema huyu mwalimu ana kiburi lakini mdomo wake umefungwa, hata mke wa msoma masomo alisindikizwa naye na hakuna lililotoka. Mwalimu Hellena akamshukuru kwa Kifipa hichohicho, wakatazamana, wakapisha.

Ndani alimkuta Salome amepiga magoti, ameshika mguu wa kitanda, midomo imekauka ikapasuka. Alimnywesha uji kutoka kwenye chupa aliyokuja nayo. Alimsugua kiuno mpaka mgongo ukaacha kukakamaa. Salome akamwambia, "Mwalimu, wanataka jina." Yaliyosemwa baada ya hapo, na nani alisema nini, ni ya watu wawili. Wapo wanaodai walisikia kupitia dirishani. Dirisha la chumba kile lilikuwa limezibwa kwa gunia na matofali tangu kipupwe kilipoanza, kwa ajili ya baridi, nao wanajua.

Alipofungua mlango, wanawake wote walisimama.

"Ametaja," Mwalimu Hellena akasema.

"Nani?" Mama Calvin akauliza.

"Salome."

"Namuuliza aliyetajwa."

"Nami najibu kuhusu aliyetaja. Mlisema hatoki mpaka ataje. Hamkusema hatoki mpaka wewe usikie. Kinachomfungua ni kutaja, au ni masikio yako?"

Mama Calvin aliwageukia wenzake. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa kimya pembeni, aliyezalia watoto wake wote kwenye ua ule, akatema ugoro na kusema, "Kutaja ni kutaja. Mama yangu mimi alilitajia jiwe la kusagia, na mtoto aliyetoka ndiye mimi. Mwacheni aende."

Hapo mlango ukafunguliwa, na aliyeufungua, tumekwisha kusema, ni Mama Calvin. Alimwambia Mwalimu Hellena kwamba kama amedanganya, damu ya mkamwana iko juu yake. Mwalimu akajibu kwamba iwe juu yake, akamwita Fabiani awashe gari. Wakatandika godoro nyuma ya kirikuu. Mama Calvin hakuambiwa apande. Alipanda mwenyewe, akakaa kwenye bati akiwa ameikumbatia miguu ya Salome ili isigonge, na njia nzima aliyafunika magoti ya mkamwana kwa blanketi lake, yeye mwenyewe akitetemeka kwa upepo. Mwalimu Hellena alikuwa upande wa kichwa, akipuliza, Salome akipuliza naye.

Hospitali walimpima, wakaona mtoto amekaa vibaya, wakampeleka kwenye upasuaji. Chumba cha upasuaji msindikizaji haingii. Wale mama wawili wakakaa kwenye benchi moja, Mama Calvin na rozari yake, Mwalimu Hellena na mikono yake mitupu. Mtoto wa kike alipolia walisimama pamoja, na Mama Calvin akamkumbatia mwenziwe huku machozi yanamtiririka.

"Umeona?" akasema. "Ametaja, na mtoto ametoka."

Mwalimu Hellena alitazama mlango wa upasuaji, ambao daktari alikuwa akiutokea anavua glovu. Yeye asiyeweza kupita mbele ya kosa ukutani, kosa lile aliliacha lilivyo. Alimpangusa mwenziwe machozi, akaenda kuuliza hali ya Salome.

Salome alipona. Aliporudi nyumbani alioshwa kama desturi ilivyotaka, akapikiwa, akapewa chumba chenye jua. Calvin alikuja kutoka Chunya, akambeba mwanawe, akaambiwa yamekwisha. Kwa Salome yalikuwa yamekwisha kweli. Ila desturi ile ina upande wa pili. Kama jina limetajwa, basi yuko mwanaume. Na kama yuko mwanaume, watu hawalali mpaka wamjue.

Maneno yalianzia kijijini yakapanda na mabasi hadi mjini. Kwa nini Mwalimu Hellena hasemi? Mtu haoni haya kutangaza kinyesi cha jirani, wakasema, anaficha cha mlangoni pake. Wakaanza na marehemu, na hilo tumelimaliza. Kisha wakamkumbuka Adriano. Adriano ni bwana shamba, na kijiji kile ni miongoni mwa vijiji vyake. Pikipiki yake imeonekana uani kwa Mama Calvin. Ndiyo, imeonekana, kama ilivyoonekana kwenye kila ua wenye shamba la mbegu. Amekunywa maji pale. Alisoma darasa moja na Salome. Tayari, wakapata kesi. Na kibaya zaidi, Adriano alikuwa amekwisha kuchumbia. Posa ilikuwa imepokelewa kwao Lydia, binti wa familia moja ya hapo mjini, na ghafla mshenga akawa haitwi tena.

Adriano alimfuata mama yake jikoni.

"Mama, wananisema mimi."

"Nimesikia."

"Na wewe unajua si mimi."

"Ninalojua ni kwamba nimekulea."

"Basi sema. Simtaki huyo mtu, sihitaji kumjua. Sema tu kwamba siyo Adriano. Ni maneno mawili, mama."

Mwalimu Hellena aliepua sufuria, akaifunika, akakaa mbele ya mwanawe kama alivyokuwa akikaa mbele ya mwanafunzi mwenye akili aliyekosea swali rahisi. Alimwambia afikirie. Leo akisema siyo Adriano, kesho atakuja mke wa katekista, kwa kuwa katekista naye hupita pale, na atataka kuambiwa siyo wake. Atamnyimaje, naye mwanawe amempa? Kesho kutwa atakuja mwenye mashine ya kusaga, halafu mwenye duka. Kila atakayeambiwa siye ataenda na amani yake, mpaka abaki mmoja ambaye mkewe hakuja kuuliza, au alikuja akajibiwa kwa kimya. Huyo atakuwa ametajwa bila kutajwa. Na kama hakuna atakayebaki? Akamtazama sana mwanawe. Hapo watasema Salome hakutaja mtu, kwamba walichezewa, na kile kilichosamehewa kitafumuliwa upya. Na mimba ya pili ikija, mlango ule utafungwa, na safari hiyo hakuna atakayempisha mtu chumba.

"Kwa hiyo mimi niungue ili wengine wapoe," Adriano akasema.

"Wewe una mdomo wa kujitetea, na una mama. Yeye alikuwa na mimi tu."

Adriano aliondoka bila kula. Kwa wiki kadhaa alipita mbele ya mama yake akisema shikamoo na si zaidi ya hapo. Majirani waliona, na wakaongeza chumvi: hata mwanawe hasemi naye, wakasema, kwa hiyo ni kweli. Usiku usiulizwe, lakini mchana Mwalimu Hellena alikwenda sokoni kama kawaida, kanga imepigwa pasi, akanunua dagaa, akabishana bei, akasahihisha kibao cha muuza mkaa.

Shemeji Felisian naye alikuja. Alipuliza kwanza, akauliza habari za baridi, habari za mahindi, kisha akasema jina la kaka yake linaburuzwa barabarani, na aliyelishika kamba ni mjane wake. Mwalimu Hellena alimjibu kwamba kaka yake alikuwa mkuu wa shule. Alijua ulevi wa mwalimu gani, ndoa ya nani iliyooza, mtoto wa nani aliyeiba. Wazazi na walimu waliingia ofisini kwake wakalia, wakatoka, na hakuna hata mmoja aliyeyakuta mambo yake kilabuni.

"Alizikwa nayo yote," akasema. "Hilo ndilo jina lake, Felisian. Mimi silibomoi. Ndilo ninalolishika."

Felisian alikuna kidevu. Akasema kaka yake kweli alikuwa hivyo, hata yeye aliwahi kumpelekea la kwake. Hakuendelea. Wala Mwalimu Hellena hakumuuliza lipi.

Kisha wakaja wenyewe, wa upande wa Lydia. Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya pili. Alikuja shangazi yake Lydia, mama mrefu mwenye sauti ya kuendesha mikutano, na Lydia mwenyewe nyuma yake, ameketi kwenye ukingo wa kiti kama mtu ambaye hajaamua kama amefika. Adriano alikuwapo, akabaki amesimama karibu na mlango.

Shangazi hakuzunguka. Alisema familia yao haina nia mbaya, binti wanampenda, kijana wanampenda, ila hawawezi kumwingiza mtoto wao kwenye nyumba yenye jambo lililofunikwa. Wanataka neno moja. Hawatauliza la pili.

"Sina hilo neno, mama," Mwalimu Hellena akasema.

"Unalo. Ulikuwa chumbani."

"Nilikuwa chumbani kwa ajili ya aliyekuwa akizaa. Yaliyomo ni yake."

"Hata kama ni kumwokoa mwanao?"

"Hata hivyo."

"Hata akikosa mke?"

Mwalimu Hellena alimtazama Adriano, na wote waliokuwamo waliona kwamba kumtazama kule kulimgharimu. Kisha akamgeukia shangazi. Alisema mwanawe akikosa mke kwa sababu mama yake ana mdomo uliofungwa, basi akose, atapata mwingine asiyeogopa mdomo uliofungwa. Alisema wasichana wa mji huu humkabidhi siku ambayo hawawezi kujificha hata uso. Siku hiyo wanawake hawana nguo ya kujisitiri, wana yeye tu. Akivuliwa yeye, wote wako uchi, na miongoni mwao wamo mabinti wa nyumba zilizokaa zinamcheka sasa hivi.

"Nyumba ya Zenon haina jambo lililofunikwa," akamaliza. "Ina mtu anayefunika. Ukiona ni aibu, mlango uko wazi."

Shangazi alisimama, akajitanda kanga yake. Alisema amesikia, na kwamba kiburi cha wasomi kitawamaliza. Lydia naye akasimama. Alisema maneno yake ya kwanza tangu waingie, na aliyasema taratibu, macho kwa mama mkwe wake mtarajiwa.

"Twende, shangazi. Nilichotaka kusikia nimekisikia."

Shangazi alidhani amekubaliwa. Njiani kuelekea barabarani, kwa mujibu wa wale wanaojua kila kitu, ndipo alipogundua kwamba binti ana maana nyingine. Wiki haikuisha, mshenga akaitwa.

Kwa hiyo ndoa haikuvunjika, kinyume cha yanayosemwa. Ilifungwa kabla ya mvua za kwanza. Shangazi hakuja; alipeleka habari kwamba kichwa kinamuuma, na tukamwombea kipone. Adriano, asubuhi ya siku ile, alimfunga mama yake kilemba cha sherehe kwa mikono yake, kikakaa upande, na Mwalimu Hellena akaingia nacho kanisani kikiwa upande vilevile. Mama Calvin alikuja kutoka kijijini pamoja na Salome, mtoto mgongoni, Calvin nyuma yao. Wapenda maneno walipata kazi: walihesabu nani amemwangalia nani, na kwa muda gani. Hawakupata kitu. Watu waliangalia pilau.

Wakati wa kula, Mama Calvin alisogeza kiti chake karibu na cha Mwalimu Hellena. Alikuwa ameshiba na amefurahi, na sauti yake ilikuwa ya dada kwa dada. Alisema kwamba Salome ana dalili za mimba nyingine, na kwamba safari hii, miezi ikifika, atamleta mwenyewe Katandala. Mwalimu Hellena alishukuru. Ndipo Mama Calvin akainama sikioni.

"Sasa sisi ni watu wazima, Mama Adriano. Binti nimemsamehe, kijana wako kaoa, yote yamepita. Niambie mimi tu. Alikuwa nani?"

"Sisemi."

"Hata mimi bibi wa mtoto?"

"Sisemi, Mama Calvin. Leo sisemi, na kesho usije ukaniuliza."